Kozuki Oden na Miaka Mitano Isiyosimuliwa

Kabla hatujamwona Kozuki Oden, samurai wa One Piece, ile manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya maharamia, akitenda jambo lolote, tulikuwa tumeshaona watu wakipoteza viungo kwa ajili ya jina lake. Ni kule Zou, kisiwa kilichoko juu ya mgongo wa tembo anayetembea baharini, ambako haramia Jack na genge lake waliingia wakimsaka samurai aitwaye Raizo. Wenyeji wakasema hawamjui. Wakapigwa, wakapuliziwa gesi ya sumu, mji wao ukabomolewa. Kati ya viongozi wao, Inuarashi akapoteza mguu, Nekomamushi akapoteza mkono, na hakuna aliyefungua mdomo. Kumbe Raizo walikuwa wamemficha wao wenyewe, yu mzima wa afya. Tulipouliza mtu gani huyu anayestahili uaminifu wa namna hiyo, tukajibiwa kuwa Raizo ni mtumishi wa ukoo wa Kozuki, na bwana wake, Oden, aliuawa miaka 20 nyuma baada ya kusafiri na Gol D. Roger, mfalme wa maharamia, hadi kisiwa cha mwisho cha dunia.

Hiyo ilikuwa mwaka 2016. Tangu hapo Eiichiro Oda, mwandishi na mchoraji wa manga hii, alikuwa na deni kwetu, na aliliacha liendelee kuzaa riba kwa zaidi ya miaka mitatu. Msomaji ambaye bado hajafika sehemu ya Wano, nchi ya Oden, aishie hapa, maana kuanzia sasa namwaga kila kitu.

One Piece ilianza kutoka katika jarida la Weekly Shonen Jump mwezi Julai 1997, na kama kuna mbinu moja iliyoibeba hadi leo, ni kisengerenyuma. Nami alikuwa mwizi tu mpaka tuliporudishwa kijijini kwake chini ya haramia Arlong. Robin alikuwa msaliti mpaka tulipokiona kisiwa chake cha Ohara kikiungua. Msomaji wa Oda amefundishwa kuamini kwamba kila anaporudishwa nyuma, atamwelewa mhusika kwa namna ambayo hawezi tena kumtazama kama mwanzo. Kwa hiyo sura ya 960 ilipomfungua Oden mwishoni mwa 2019, na safari hiyo ikaendelea kwa sura 14 hadi ya 973 mwezi Machi 2020, kisengerenyuma kirefu kuliko vyote alivyokuwa amechora kufikia wakati ule, matarajio yetu hayakuwa ya kubuni. Alituzoesha mwenyewe.

Nimezisoma upya sura hizo 14, mfululizo, bila kusubiri wiki kati ya moja na nyingine, ili nione kama kero yangu ilitokana na mapumziko ya jarida. Haikutokana nayo. Na wala shida haimo katika lile linalolalamikiwa sana, kwamba Oden alikuwa mjinga. Ujinga wa shujaa ni mali nzuri mno kwa mwandishi, mradi akubali kuuchunguza. Shida ni kwamba hadithi hii inamlinda Oden asiulizwe swali lolote.

Sehemu ya mwanzo sina ugomvi nayo sana. Oden kijana ni kituko: anapika chakula juu ya moto wa kuchomea maiti, anazusha vurugu mjini, anafukuzwa na baba yake, shogun Sukiyaki, akiwa na umri wa miaka 18. Hapo ndipo linapotokea tukio la nguruwe mkubwa wa mlimani. Kin'emon, wakati huo mhuni wa mtaani, anaiba mtoto wa nguruwe mweupe kwa tamaa ya pesa, na mnyama mkubwa anashuka mjini kubomoa kila kitu. Oden anammaliza nguruwe, kisha anaubeba mzigo wote wa lawama na kunyamaza. Watu wanaoujua ukweli ni wachache, na hao wachache wanakuwa wafuasi wake. Tukio hili lichukuliwe kwa uzito, kwa sababu ndiyo tabia nzima ya mtu huyu kwa ufupi: anaokoa, anabeba aibu isiyo yake, hajitetei. Akiwa na miaka 18 jambo hilo linapendeza. Gharama yake ni jina baya tu, na jina lake lilikuwa baya tayari.

Akiwa jimbo la Kuri anamshinda Ashura Doji, kiongozi wa majambazi, anageuza nchi ya majambazi kuwa jimbo linalokalika, anakuwa mtawala wake akiwa na miaka 20. Safi. Oda anayapita haya mbio mbio, na ni sawa, ingawa ningependa kumwona Oden akitawala hata kwa kurasa tano, maana ndicho kitu ambacho watu wa Wano wanamlilia baadaye.

Kisha anapanda meli ya haramia Whitebeard kwa nguvu, kwa kuning'inia kwenye mnyororo baharini kwa karibu siku tatu, na anauachia ikiwa imebaki saa moja tu kwa sababu amesikia sauti ya mwanamke anayehitaji msaada. Huyo ni Toki, atakayekuwa mke wake. Halafu Roger anakuja, anamwinamia Whitebeard kumwomba amwazime Oden kwa mwaka mmoja, kwa kuwa Oden anajua kuyasoma maandishi ya mawe ya kale. Wanafika Laugh Tale, kile kisiwa cha mwisho. Wanacheka. Sisi hatuambiwi wanacheka nini.

Kuna kasoro hapa ambayo haimhusu Oden peke yake, ni ya ujenzi wa manga nzima. Oden amefanywa kuwa mtu ambaye sababu ya maisha yake imo ndani ya siri kuu ya One Piece. Anarudi Wano akitaka kufungua mipaka ya nchi, akijua kuna mtu atakayekuja miaka mingi baadaye na kwamba lazima apokelewe. Kila analofanya kuanzia hapo linategemea alichokiona, na alichokiona hatuwezi kuonyeshwa, kwa sababu kikionyeshwa, manga imekwisha. Matokeo yake tunapewa shujaa mwenye shauku isiyo na kitu ndani yake. Anasema Wano ifunguliwe, tunaitikia, lakini moyoni hatujui anataka nini hasa. Ni kama kutazama fainali ukiwa nyuma ya ukuta wa uwanja: kelele unazisikia, bao hulioni.

Ningeweza kulisamehe hilo. Oda ana haki ya kutunza siri yake. Lisilosameheka ni ngoma.

Oden anaporudi, Orochi wa ukoo wa Kurozumi ameshakaa kwenye kiti cha shogun, na nyuma yake yupo haramia Kaido. Oden anakwenda moja kwa moja kumkata Orochi kichwa. Anashindwa, na baada ya hapo wanazungumza wawili hawa, nasi tunafungiwa mlango. Tunachokiona ni Oden akitoka nje, akivua nguo, na kuanza kucheza barabarani akiwa nusu uchi huku akicheka. Anarudia kila wiki, kwa miaka mitano. Watu wanamtemea mate. Wafuasi wake wanainamisha vichwa. Orochi ameahidi kwamba muda huo ukiisha, yeye na Kaido watapanda meli zitakazokuwa zimejengwa na kuondoka nchini, na bila shaka haondoki.

Miaka mitano hiyo inaanza ndani ya sura ya 969, na kufikia sura ya 970 Oden na wafuasi wake tisa, wale wanaoitwa Ala Nyekundu, wameshatoka kwenda kupigana na Kaido. Ukilinganisha, saa moja ya chungu cha mafuta, ambamo Oden anachemshwa hai baada ya kushindwa, ilipewa nafasi kubwa kuliko miaka mitano ya utumwa.

Ukweli kuhusu ngoma tunaupata Oden akiwa tayari ndani ya chungu, na hatuupati kutoka kwake. Ni Shinobu, mwanamke ninja aliyewahi kumtumikia shogun, anayeupigia kelele umati: kila Oden alipocheza, watu waliokamatwa walikuwa wakiachiwa. Aibu yake ilikuwa fidia ya mateka. Umati uliokuja kumzomea unaangua kilio, na sisi tunatarajiwa kulia nao.

Kama mbinu ya taharuki, imefanikiwa. Niliposoma kwa mara ya kwanza nilipigwa na mshtuko kama wengine. Lakini tazama imegharimu nini. Ili siri itulie mpaka siku ya chungu, Oda alilazimika kumtoa Oden ndani ya hadithi yake mwenyewe kwa miaka mitano. Karibu hatuingii kichwani mwake. Hatujui lini alianza kushuku kwamba meli zile hazijengwi. Hatujui alikuwa akijiambia nini mwaka wa tatu, pale viwanda vya silaha vya Kaido vilipokuwa vikiendelea kuchafua mito na watu wakilazimishwa kufanya kazi migodini. Hatumwoni akipima njia nyingine na kuikataa. Yule mtu aliyepigana bega kwa bega na Whitebeard na Roger, aliyewaita ndugu, hatuonyeshwi akijiuliza kama awapelekee ujumbe Whitebeard na watoto wake. Inawezekana alikuwa na sababu, na pengine ni sababu nzuri, ya heshima au ya kuogopa vita vikubwa juu ya vichwa vya raia. Shujaa anatengenezwa na sababu kama hizo. Oda alizibadilisha kwa mshtuko wa sura moja.

Kuna wanaomtetea kwa kusema huyu ni shujaa wa kijapani wa kale, na kwamba shujaa anayejifanya mpumbavu ni jadi ya huko. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayonifanya nilalamike zaidi. Oda ameipanga Wano kama mchezo wa kabuki, pazia likifunguka na kufungwa kati ya sehemu na sehemu, na katika jukwaa hilo hakuna mpumbavu wa kujifanya maarufu kuliko Oishi Kuranosuke. Bwana wake, Asano, aliamriwa kujiua mwaka 1701. Oishi akahamia karibu na Kyoto, akazama katika pombe na nyumba za starehe mpaka majasusi wa adui yake Kira wakaripoti kwamba huyu amekwisha. Usiku mmoja wa Januari 1703 akaingia nyumbani kwa Kira akiwa na wenzake, wale samurai 47 ambao Japani haijawahi kuwasahau. Upumbavu wa Oishi ulikuwa kifuniko cha mpango. Kila kikombe alichokunywa kilikuwa kinanunua muda, na muda huo ulikuwa unatumika.

Nasi kwetu tunaye Fumo Liyongo. Yumo gerezani Pate, anasubiri kuuawa, tupa imefichwa ndani ya mkate wa wishwa aliotumiwa na mama yake. Anaomba apigiwe gungu kabla hajafa. Ngoma inakolea, siwa na matoazi yanapaza, na chini ya kelele hizo yeye anakata minyororo. Anayeijua hekaya hiyo hawezi kumtazama Oden akicheza bila kungoja tupa itokee.

Haitokei. Miaka mitano inapita, Oden hajakusanya jeshi, hajawaandaa watawala wa majimbo mengine, hajapeleka familia yake mahali salama. Anapoamua kupigana, baada ya kusikia yaliyompata Hyogoro, mkuu wa yakuza wa Wano, na watu wake, wanatoka kumi tu. Kwa mwendo wa manga hii, kumi wanaweza kutosha, na nusura watoshe kweli: Oden anampasua Kaido kifuani na kumwachia kovu la maisha, kisha anavurugwa na Higurashi, yule mwanamke mzee aliyejigeuza kuwa na sura ya mwanawe Momonosuke. Pambano ni zuri. Hata Kaido mwenyewe ushindi ule haukumpendeza, akamuua Higurashi. Lakini hakuna hata mmoja, awe mfuasi, mke, mtoto au mzimu, anayewahi kusema baadaye: bwana, ulikosea kumwamini Orochi, na kukosea kwako kumetugharimu miaka 20. Kin'emon hasemi. Denjiro, mfuasi mwingine, aliyelazimika kubadilika sura na jina kwa uchungu, hasemi. Wote wanamlilia tu.

Ingetosha mmoja akasirike. Ashura Doji ndiye anayekaribia, maana baada ya miaka hiyo alikuwa amekata tamaa ya kusubiri, lakini hasira yake inaelekezwa kwingine, kwa vita vilivyoshindwa na wenzake waliokufa.

Ushahidi kwamba Oda anaweza kuifanya kazi hii tunao mkononi, na ameutoa yeye mwenyewe. Kati ya sura ya 1095 na 1102, mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, alisimulia maisha ya Bartholomew Kuma. Mfupa wa hadithi ni ule ule: mtu mwenye nguvu za kutisha anakubali kudhalilishwa ili wengine waishi, na dunia inamwona mnyama. Tofauti iko katika usimulizi. Kuma anapokaa mbele ya mwanasayansi Vegapunk kutafuta tiba ya binti yake Bonney, na Saturn, mkubwa wa serikali ya dunia, anapoongeza sharti juu ya sharti, awe mtumishi wa serikali, atoe mwili wake, atoe akili na utashi wake, asikae tena na mtoto, sisi tumo chumbani. Tunalisikia kila sharti likitamkwa na tunaona uso wake akilikubali. Anajua anachokitoa, nasi tunajua. Hakuna siri iliyotunzwa kwa ajili ya kutushtua mwishoni, na bado watu walilia kuliko walivyomlilia Oden. Sidhani ni bahati. Mzigo wa kujitoa unaonekana pale mtu anapouchagua akiwa macho, sharti kwa sharti.

Liko jambo la pili, ambalo mashabiki hulipitia haraka kwa sababu Orochi ni mtu wa kuchukiza. Ukoo wa Kurozumi ulivuliwa ardhi na cheo baada ya babu yake Orochi kuwatilia sumu watawala wenzake akitaka kiti cha shogun. Alistahili adhabu, akaipata. Kilichofuata ni raia wa Wano kujigeuza waamuzi na kumsaka kila mwenye jina hilo, mkubwa kwa mtoto. Wazazi wa Kanjuro, mfuasi wa Oden, walikuwa waigizaji, nao waliuawa wakiwa jukwaani kwa kosa la kuzaliwa Kurozumi. Haya yote yalitokea katika nchi ya akina Kozuki, chini ya utawala wao, katika ile Wano njema tunayoambiwa Oden alitaka kuirudisha.

Hapo palikuwa na Oden bora zaidi ya huyu tuliyepewa. Mtu aliyekusanya waliotupwa, mwizi, jambazi, mnyama, wa jinsia iliyochekwa, kisha akakutana na ukoo mzima uliotupwa na familia yake mwenyewe. Angemjibu nini Orochi? Ngoma ile ingeweza hata kuwa na maana nyingine kabisa, ya mtoto wa shogun anayelipa hadharani kwa dhambi ya nyumba yake, bila kujali kama mwenye kulipwa ni mwovu. Mbegu imo ndani ya maandishi, Oda kaipanda kwa mkono wake, halafu kaiacha bila maji. Miaka miwili baadaye, Orochi anapomalizwa katika moto wa Onigashima, ngome ya Kaido, upande wa Kozuki unaigeuza ile kauli maarufu ya Oden, kwamba yeye kazi yake ni kuchemka, unasema Kurozumi kazi yao ni kuungua. Hadithi inaichukulia kama kauli ya ushindi. Mimi ilinichefua.

Chungu, hata hivyo, nakivulia kofia. Oda amekitoa kwa Ishikawa Goemon, mwizi aliyechemshwa hai Kyoto mwaka 1594, ambaye masimulizi yanasema alimnyanyua mwanawe juu ya kichwa ndani ya chungu. Oden ananyanyua ubao wenye wafuasi wake wote tisa, na anasimama hivyo kwa saa nzima kwenye mafuta yanayochemka. Na sura moja tu baada ya kisengerenyuma kwisha, ya 974, tunagundua kwamba mmoja wa hao tisa, Kanjuro, alikuwa jasusi wa Orochi tangu siku ya kwanza. Rudi sasa utazame ubao ule. Oden anaungua huku amembeba juu ya mabega yake mtu aliyemuuza, na huyo mtu anatazama. Hakuna aliyelazimika kutueleza maana yake, hakuna Shinobu wa kupiga kelele. Hicho ndicho kinaya ambacho miaka mitano ya ngoma ilikuwa inakihitaji.

Saa inapotimia, Orochi anavunja ahadi tena, Kaido anamaliza kazi kwa bastola, na Oden anawaachia wafuasi wake agizo la kuifungua Wano. Toki anawarusha baadhi yao na Momonosuke miaka 20 mbele, kisha naye anakufa. Vita vya kutimiza agizo hilo vikachukua sehemu kubwa ya sura karibu 150 za Wano, zilizoanza 2018 na kwisha 2022. Na baada ya damu yote hiyo, Momonosuke anaketi kwenye kiti cha shogun na kuamua kwamba mipaka itabaki imefungwa kwa sasa, kwa sababu kuifungua Wano ni kuiamsha Pluton, silaha ya kale iliyolala chini yake. Uamuzi wa busara, siupingi. Ila maana yake ni kwamba hata leo hatujui kwa nini baba yake alitaka kinyume, na kama Oden aliijua bei ya alichokuwa anakitaka.

Yamato, mtoto wa Kaido, anajua, angalau kwa sehemu, maana daftari la Oden lilikuwa mikononi mwake na amelisoma mpaka akajiita Oden. Nilimwonea wivu kila alipotokea. Kuna msomaji mmoja tu aliyepewa historia kamili ya mtu huyu, na yumo ndani ya manga.

Wapo watakaosema tusubiri, kwamba Laugh Tale ikifunguliwa, sura hizi 14 zitajisimamia zenyewe. Huenda safari ya baharini ikajisimamia kweli, na ule ufunguzi wa mipaka pia. Ngoma haimo katika hesabu hiyo. Hakuna hazina ya Joy Boy, yule mtu wa kale aliyeiacha Laugh Tale, inayoweza kutuambia Oden alifikiria nini usiku wa kuamkia ngoma yake ya mia, kwa kuwa hilo halikuwa siri ya dunia. Lilikuwa jambo la mtu mmoja, na mahali pake palikuwa hapo, kati ya sura ya 969 na 970.